Hakuandika "Mwenye Macho"

Pale kiwandani walimwita Mama Nukta, naye aliitika bila kinyongo. Kiwanda kilichapa vitabu vya wasioona kwa maandishi ya nukta nundu, yale ambayo nukta zake huinuka juu ya karatasi nene na msomaji huzifuata kwa ncha za vidole. Hakuna kitabu kilichokwenda kufungwa jalada kabla hajakipitia. Kazi yake ilikuwa kukamata makosa, na makosa ya nukta ni ya hatari: nukta moja tu ikizama, "kupima" inageuka "kulima". Mwaka fulani alikiokoa kitabu cha wauguzi kilichotaka kumwambia muuguzi amlime mgonjwa kwanza ndipo ampe dawa. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Macho yake yaliondoka na surua akiwa na miaka sita. Shangazi yake alikuja kutoa pole, akaketi, akashusha pumzi, akasema mtoto huyu sasa ni wa kukalishwa. Mama mtu hakubishana. Alikwenda jikoni akarudi na ungo wa maharage, akamwekea binti mapajani. "Chambua," alimwambia. "Mawe weka kulia, mabovu kushoto." Shangazi aliporuka, mama akamtuliza kwa sentensi moja: "Wifi, macho ndiyo yaliyokufa. Mikono tumeizika lini?"

Basi akakua na mikono yake. Akapelekwa shule ya wasioona, akasoma, akafaulu, na huko ndiko alikokutana na Mkufunzi.

Mkufunzi hakuwa mwalimu wa shule ile. Alikuwa mwanafikra mkubwa, amekufa siku nyingi, na kitabu chake kinene kilikuwa kabatini mwa kila mtu aliyetaka aonekane amesoma. Kwenye kitabu hicho kuna sentensi moja ambayo hata asiyejua kusoma aliijua: "Ajuaye ni aonaye, asiyeona na aongozwe." Watu waliitumia walivyotaka. Wanasiasa waliisema majukwaani wakimaanisha kwamba wao ndio wanaoona, kwa hiyo wafuatwe. Wahubiri waliisema wakimaanisha mambo ya roho. Fundi miwani aliiandika juu ya mlango wa duka lake, na biashara ikamwendea vizuri. Hata mume wa Mama Nukta, ambaye ni fundi magari, aliwahi kuwafokea vibarua wake kwa sentensi hiyo, akimaanisha wainame watazame chini ya gari kabla ya kubabaisha.

Kwa Mama Nukta sentensi hiyo ilikuwa kofi. Alipigwa nayo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa darasa la tano, akaomba awe kiongozi wa darasa. Mwalimu wa zamu, mwenye macho yake mawili, akacheka kwa upole na kumkariria Mkufunzi. Mara ya pili alikuwa na miaka ishirini, amesimama mbele ya dawati la mpokea maombi wa chuo, anataka kusomea sheria. Mpokea maombi hakucheka. Alikariri sentensi ile kwa sauti ya huzuni kabisa, kama mtu anayetoa salamu za rambirambi, kisha akamrudishia fomu zake. Kwa hiyo akaenda kiwandani, akawa msahihishaji, na miaka kumi na tisa ikapita kwenye kiti kimoja kando ya dirisha.

Asubuhi moja Meneja alimwita ofisini. Meneja alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno lakini mwenye haki.

"Tumepata kazi kubwa," alisema. "Chama cha Kumbukumbu ya Mkufunzi kimeleta karatasi ya kutosha. Wanataka kitabu kizima kiwe cha nukta nundu. Juzuu nane."

"Mpe mtu mwingine," alisema Mama Nukta.

"Hakuna mtu mwingine."

"Basi kisichapwe. Kuna vitabu vya hesabu watoto wanavisubiri tangu mwaka juzi."

Meneja akavuta droo, akatoa karatasi, akamsukumia mkononi. Ilikuwa barua ya nukta nundu, imeandikwa na walimu kumi na wawili wasioona. Walisema kitabu cha Mkufunzi kimo kwenye mitihani, na kwamba wamechoka kusomewa na watu ambao huruka kurasa wakichoka.

Mama Nukta aliipitia barua mara mbili. Ile habari ya kurukiwa kurasa ilimkera, maana alijiuliza yeye mwenyewe amesoma kurasa ngapi za huyu mtu anayemchukia. Jibu lilikuwa sifuri. Alikuwa anachukia sentensi moja, tena ya kusikia.

"Nitakisoma," alisema. "Lakini nitakisoma chote, nukta kwa nukta, na asije mtu kuniharakisha."

Kusahihisha ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaona, anasoma kwa sauti kutoka kitabu cha kawaida, na mwingine anafuata kwa vidole kwenye nukta. Wasipolingana, wanasimama. Msomaji aliyeletwa kwa kazi hiyo alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu, aliyestaafu ukarani wa mahakama. Wote walimwita Karani. Alikuwa mjane, nguo zake zilinukia sabuni ya kufulia, na alikuwa amesoma kitabu cha Mkufunzi mara saba. Mara saba! Alikuja siku ya kwanza amefunga tai.

Juma la kwanza halikuisha kabla hawajagombana.

"Karani, unaimba," alisema Mama Nukta, akiinua vidole kwenye karatasi.

"Naimba nini tena, mama?"

"Ukifika mahali unapopapenda unapandisha sauti. Ukifika mahali usipopajali unakimbia kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Mimi huku sina kupanda wala kushuka, nina herufi tu. Vidole vinapotea."

"Maneno ya Mkufunzi hayasomwi kama risiti ya duka."

"Wewe yasome kama risiti. Utamu nitauweka mwenyewe."

Karani alinuna mpaka saa ya chai. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na baada ya chai akasoma kama risiti: neno, neno, mkato, neno, nukta. Na hapo likatokea jambo ambalo Mama Nukta hakulitarajia. Kitabu kilianza kusema naye. Mkufunzi hakuwa jitu. Alikuwa mtu mwenye akili kali na mdomo mrefu, aliyependa mifano, aliyejisahau akarudia hoja, aliyemwogopa mkewe. Kuna kurasa zilimchekesha Mama Nukta mpaka akaomba zisomwe tena, si kwa sababu ya kosa lolote. Kuna kurasa zilimchosha. Karani alivisikiliza vicheko na miguno yake kama mzazi anayemsikiliza mwalimu akimsimulia tabia za mwanawe.

Walifika sura ya tatu mwezi wa pili. Karani alipunguza mwendo. Alijua kilichokuwa mbele, na alikuwa amekwisha kusimuliwa habari za fomu zilizorudishwa.

"Soma," alisema Mama Nukta.

"Ajuaye ni aonaye, mkato, asiyeona na aongozwe, nukta."

Kidole chake kilipita juu ya maneno hayo. Yalikuwa maneno sita tu. Hayakuchukua hata mstari mzima. Alirudi nyuma, akayapitia tena, akasimama kwenye neno la tatu. Halafu akasema, "Sawasawa. Hakuna kosa. Endelea." Karani aliendelea, na yaliyofuata hayakuwa na huruma. Ukurasa wa sitini na mbili Mkufunzi aliandika kwamba jicho ndilo mlango wa pekee wa akili, na kwamba milango mingine yote ni nyufa. Mama Nukta alisahihisha nyufa hizo moja moja. Palikuwa na nukta iliyozama kwenye neno "pekee". Aliibonyeza kwa chini na kalamu yake ya chuma mpaka ikainuka vizuri, ili tusi lisomeke kwa ukamilifu wake.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Nilidhani watu wamemsingizia. Kumbe kweli kasema mwenyewe."

"Basi achana naye," alisema mumewe, ambaye alikuwa anajisugua mikono kuondoa mafuta ya gari.

"Siachani naye. Bado juzuu sita."

Zikapita wiki nyingi. Walifika sura ya tisa, ambayo hata Karani aliiona ni sura ya kupumzikia. Mkufunzi ameacha hoja, anasimulia utoto wake. Anasema baba yake alikuwa seremala. Kila alipomaliza kupiga randa ubao, mzee huyo alifumba macho na kuupitisha kiganja juu yake, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto akamwuliza kwa nini anafumba macho. Baba akajibu, "Nataka niuone vizuri." Mkufunzi anaandika: nilicheka, maana nilikuwa mtoto. Kisha anahamia kwenye habari za mvua.

"Rudia," alisema Mama Nukta.

Karani akarudia.

"Rudia jibu la yule mzee."

"Nataka niuone vizuri, nukta."

Mama Nukta aliondoa mikono kwenye karatasi, akaiweka mapajani. Karani alidhani anaumwa.

"Karani, wewe ukitoka nje asubuhi, kipupwe kimekupiga, unasemaje?"

"Nasema nini? Nasema naona baridi."

"Kwa macho?"

"Ah, mama..."

"Tumbo likiwa tupu?"

"Naona njaa. Lakini hiyo ni lugha tu."

"Na Mkufunzi aliandika kwa kitu gani, kwa nyundo? Mtu akifiwa anaona uchungu. Akiaibika anaona haya. Seremala kafumba macho anauona ubao. Lugha nzima inaona kwa ngozi na kwa tumbo, halafu nyie mnaniambia kuona ni kazi ya macho mawili. Aliandika 'aonaye', Karani. Hakuandika 'mwenye macho'."

Ukarani ukaamka ndani ya Karani, akakivuta kitabu na kufunua kwa haraka mpaka karatasi zikalia. "Ukurasa wa sitini na mbili. Jicho ndilo mlango wa pekee. Tulisoma pamoja. Umesahau?"

"Sijasahau. Nukta ya 'pekee' niliiinua mimi."

"Basi mwenyewe amekwisha kukata shauri. Alimaanisha macho."

"Hapo amenishinda, sikatai. Lakini ukurasa wa sitini na mbili ni wake, na huu wa seremala ni wake vilevile. Alimcheka baba yake, na hakurudi tena kumjibu. Nani kasema mimi nisimjibie?"

"Wewe ni msahihishaji!"

"Na ndiyo maana nimeona."

Walibishana siku tatu mfululizo, kazi ikachelewa, Meneja akaja kusimama mlangoni akaondoka. Karani alileta hoja zake kutoka nyumbani zimeandikwa kwenye vipande vya karatasi. Mama Nukta hakuandika popote. Zake alizipanga kichwani kama alivyopanga maharage ya mama yake. Nyumbani alimuuliza mumewe gari bovu analijuaje. "Naweka mkono kwenye injini," alisema mume. "Inatetemeka, naiona pale pale kwamba silinda moja haifanyi kazi." Kisha akashangaa mkewe anacheka peke yake.

Juzuu ya nane ilikamilika mwezi wa kumi na moja. Chama cha Kumbukumbu kikaandaa sherehe ukumbini kwao, na Mwenyekiti wa Chama, bwana mmoja mwenye sauti nzito na maneno ya kuchagua, alikuja kiwandani mwenyewe kumwalika Mama Nukta.

"Tungependa usome kidogo mbele ya wageni," alisema. "Itagusa mioyo. Sentensi ile mashuhuri tu, usijichoshe."

"Sentensi ile tu?"

"Tu. Kisha watapiga makofi, na mimi nitaendelea."

Mama Nukta alielewa anachotakiwa kuwa. Alitakiwa awe pambo: mama asiyeona, ameshikwa mkono hadi jukwaani, anasoma kwa vidole vyake kwamba asiyeona na aongozwe. Meneja alipomuuliza baadaye kama atakwenda, alisema atakwenda bila shaka. Alishonesha gauni. Alikariri pia idadi ya hatua kutoka kiti cha mbele hadi kwenye meza ya jukwaani, kwa kwenda ukumbini siku mbili kabla, akitembea na fimbo yake kwenda na kurudi huku mfagiaji akimtazama.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alimtaja, na kijana wa itifaki akaja kumshika mkono. "Asante baba, njia naijua," alimwambia, akapanda mwenyewe ngazi tatu, hatua tisa, akaikuta meza. Juzuu ya pili ilikuwa wazi. Akaweka vidole, akasoma kwa sauti ya risiti: "Ajuaye ni aonaye, asiyeona na aongozwe."

Makofi yakapigwa. Akangoja yaishe. Mwenyekiti akasogea kuchukua kipaza sauti, na hakukipata.

"Nimeombwa nisome sentensi moja, nimeisoma," alisema Mama Nukta. "Sasa naomba niwaeleze ninavyoisoma."

"Mama yetu," Mwenyekiti alinong'ona, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono huo ukumbi mzima, "ratiba imejaa."

"Ratiba naijua, ile ya nukta niliisahihisha mimi. Kwenye ukurasa wa pili mna dakika kumi za mapumziko. Nitazitumia hizo."

Watu wakacheka, na kicheko kikamfungulia njia. Akawasimulia seremala na ubao wake. Akawauliza wanaposema wanaona njaa wanaiona kwa jicho la kulia au la kushoto. Akasema kwamba kwake yeye, aonaye ni yule anayeweka mkono juu ya kitu mwenyewe bila kuambiwa, na asiyeona ni yule anayekariri alichosikia. Na huyo, awe na macho mawili au manne ya miwani, ndiye wa kuongozwa.

"Mkufunzi hakumaanisha hivyo!" Mwenyekiti sasa hakunong'ona.

"Najua," alisema Mama Nukta.

Akakisogeza kipaza sauti karibu.

"Najua hakumaanisha. Ukurasa wa sitini na mbili kasema waziwazi. Sitaki kumsingizia marehemu. Hii maana ni yangu, nimeitoa ndani ya kitabu chake kwa mikono yangu, na nikikutana naye huko aliko nitamwambia hivyohivyo."

Zikasikika sauti za kuguna, nyingine za kukubali na nyingine za hasira. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba huu ni ukosefu wa adabu. Ndipo kiti kikakwaruza sakafu safu ya pili, na Mama Nukta akanusa sabuni ya kufulia.

"Mimi nimesoma kitabu hiki mara saba," alisema Karani, "na ya nane nimesoma na mama huyu. Sikubaliani naye. Hata nukta moja! Nimembishia mwaka mzima na nitambishia kesho. Lakini amekisoma. Naomba kila mtu humu ndani aliyekisoma kitabu hiki mpaka mwisho anyooshe mkono."

Viti vililia hapa na pale. Mama Nukta hakuweza kuiona mikono, kwa hiyo Karani akamhesabia, kwa sauti ileile ya mahakamani: "Watatu, mama." Akangoja. "Na mmoja anashusha."

Mwenyekiti alitangaza mapumziko.

Kesho yake Chama kilipeleka barua kali kiwandani. Kilisema maoni ya msahihishaji yasiingie kwenye juzuu yoyote. Meneja alimsomea barua hiyo akitarajia ugomvi, lakini Mama Nukta alikubali papo hapo. "Wana haki. Kitabu cha mtu hakiongezwi nukta. Ningekamata mtu kafanya hivyo ningemfukuza mwenyewe." Kisha akauliza kama mabaki ya karatasi, yale yaliyokatwa vibaya, bado yanatupwa. Meneja akajibu kwamba yanatupwa kila Ijumaa, na kwamba yeye Ijumaa hiyo atakuwa anatazama upande mwingine.

Jumamosi mchana na Jumapili mchana, kwa wiki tano, Mama Nukta alikaa mezani kwake na mashine ya vitufe sita. Kila nakala aliipiga upya kwa mkono, maana nukta hazina karatasi ya kunakilia. Kijitabu kilikuwa na kurasa kumi na mbili, na jina lake lilikuwa "Maelezo ya Msahihishaji". Ukurasa wa kwanza ulisema: haya si maneno ya Mkufunzi. Mumewe alitoboa matundu kwa mashine ya gereji na kufunga kwa waya. Alipofunga cha kumi na saba aliuliza kama kuna mtu atakayesoma. "Wewe funga," alijibiwa.

Walisoma, wale walimu kumi na wawili kwanza, kisha waliopitishiwa nao. Barua zilianza kuja kidogokidogo, kisha zikaja kwa mafungu, mpaka mpokea barua wa kiwanda akaomba apewe kikapu. Mpokea simu wa hospitali moja aliandika kwamba yeye huona mtu kwa sauti: akisikia "halo" anajua kama mpigaji analia au anaficha. Mkandaji wa misuli aliandika kwamba mgongo wa mtu humwambia mambo ambayo mdomo wake umekataa kusema. Mama Nukta alizisoma barua hizo na kujisikia kama mtu aliyepika chakula kikamtosha mgeni.

Halafu ikaja ya mwalimu mstaafu. Mzee huyo alimsifu sana, akamshukuru, akasema kijitabu kimemaliza ugomvi nyumbani kwake. Mke wangu ana macho, aliandika, na kwa sababu hiyo alikuwa akiniongoza katika kila jambo. Sasa nimemwonyesha kwa hoja zako kwamba agusaye ndiye aonaye, na mwenye macho ndiye asiyeona. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita anaongozwa yeye.

"Sikuandika hivyo!" Mama Nukta alipiga meza. "Karani, sikiliza upuuzi huu. Nimesema wapi mimi mke aongozwe? Amechukua maneno yangu akayavika kichwa cha mwenda wazimu!"

Karani, aliyekuja kubishana kama alivyoahidi, aliomba asomewe barua yote. Aliisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kisha akasema polepole, "Pole sana, mama. Nadhani Mkufunzi naye angesema hivyohivyo."

Mama Nukta alikasirika, akataka kumjibu, na mwisho akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeteleza hadharani. Ila hakuacha hapo. Wiki hiyohiyo alitangaza kwamba kutakuwa na kijitabu cha pili, na humo zitaingia barua zote, hata ya mwalimu mstaafu, kila moja kama ilivyoandikwa, na majibu yake chini. Karani akasema kama ni hivyo na yeye anataka nafasi. Alileta pingamizi la kurasa kumi na moja. Ilibidi Mama Nukta alipige kwa nukta mwenyewe, huku Karani akisoma, na kila alipofika kwenye neno "amekosea" alipandisha sauti. Alimwacha apandishe.

Barua moja aliibakiza mwisho kwa sababu ilimuuma kuliko ya mwalimu mstaafu. Iliandikwa na binti mmoja asiyeona, mwanafunzi wa sheria, wa mwaka wa tatu. Mama Nukta alisimama muda mrefu kwenye maneno hayo, "mwaka wa tatu", kabla ya kuendelea. Binti hakumsifu. Aliandika: "Mama, kwa heshima zote. Mtu huyu alitufungia mlango, na wewe unahangaika kumtafutia ufunguo mfukoni mwake. Kwa nini tumwokoe? Mwache alivyoandika, na ukurasa wake wa sitini na mbili, tumshitaki nao. Sisi hatuhitaji ruhusa yake ili tuone."

Aliisoma barua hiyo siku nne. Alimsomea mumewe, ambaye alisema binti ana hoja. Alimsomea Karani, ambaye kwa furaha yote ya dunia alisema binti ana hoja. Hata yeye mwenyewe alijua binti ana hoja, na alilala na kuamka nayo, akaipima na ya kwake, hii mkono wa kulia na ile wa kushoto. Jumapili mchana, watoto wa jirani wakicheza mpira ukutani na mumewe akiwa chini ya gari la mtu, aliingiza karatasi mpya kwenye mashine, akapangusa vidole kwa kitambaa, akaanza kupiga.

"Binti yangu mwanasheria," aliandika. "Umenikosoa vizuri kuliko Chama kizima, na bado sikubali. Ninazo sababu nne, na ya tatu nina wasiwasi nayo, kwa hiyo anza kunishambulia hapo. Lakini kwanza niambie, hicho kitabu umekisoma mpaka sura ya tisa? Kama hujafika, fika. Kama umefika, njoo tubishane ana kwa ana. Naja kukupokea kituoni mwenyewe."